Injini ya Tatu, Talaka ya Tatu

Wiki jana tuliwaacha wanaume wawili ndani ya hema la Shekhe Nawwash, vinywa wazi, na wake zao wawili wananing'inia hewani, kila mmoja kwa neno la mumewe.

Kwa yule ambaye muuza vitumbua alilichana gazeti lake kabla hajalisoma, habari ni hii. Hayil ni mchukuzi wa maji. Hufunga tangi nyuma ya pikapu yake na kuwapelekea wafugaji wa jangwa la Mafraq, na kondoo wake mwenyewe hunywa yanayobaki. Injini ya pikapu ilipasuka. Akanunua nyingine, kumbe ni ya gari la kuvuta magurudumu mawili, na yake ni ya magurudumu manne. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikagota kwenye difu ya ekseli ya mbele, ikakataa kukaa. Akanunua ya pili. Hiyo ikakaa vizuri mno, ila ilikuwa ya kisasa, imejaa nyaya na kompyuta, na pikapu ya Hayil haijaona kompyuta tangu izaliwe. Haikuwaka hata siku moja.

Ndipo aliposikia kwamba uani kwa Shekhe Nawwash imelala pikapu pacha na yake, mwaka uleule, iliyopinduliwa na Sattam, mwana wa Shekhe, akimfukuza sungura. Hayil akamchukua fundi wake Jiryis, wakaenda kwa pikapu ya Jiryis. Akapewa kahawa, akaiweka chini bila kuionja, kama desturi ya mwenye haja. Shekhe akamwambia, kunywa kahawa yako, haja yako imekubaliwa, injini ni yako. Akanywa. Ingeishia hapo tungekuwa tumemaliza hadithi na mimi ningetafuta kazi nyingine.

Lakini Hayil aliinuka aende kuitazama, na Shekhe akaona mgeni anatoka bila kula. Vinywa viwili vikafunguka kwa pamoja.

"Mke wangu kaachika," alisema Shekhe, "kama boneti ile itafunguliwa kabla hujala chakula changu."

"Na wangu kaachika," alisema Hayil, "kama tonge la mwenye injini litapita kooni mwangu kabla sijaisikia inaunguruma."

Sasa tuendelee.

Birika la kahawa lilisimama hewani. Nje, jenereta ya jirani ilikohoa ikanyamaza. Shekhe alimtazama Hayil, Hayil akalitazama zulia. Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, kitu cha chuma kilianguka, kikabingirika, kikatulia.

Kisha sauti ya Umm Sattam, mke wa Shekhe, ikasikika, tulivu kabisa.

"Abu Sattam, naomba kuuliza. Nizime moto au niendelee kupika? Maana sijui sasa napika kama mke au kama jirani."

Hakuna aliyecheka. Shekhe Nawwash akasema apike, apike tu, mambo ya wanaume yatatengenea. Umm Sattam akajibu kwamba ameyasikia mambo ya wanaume miaka yote ya ndoa yake na bado anangoja yatengenee.

Hayil alikaa chini. Msomaji, usimcheke bado, kwa sababu kuna jambo ambalo Shekhe hakulijua na Hayil alilijua vizuri sana: hii ilikuwa ya tatu.

Talaka ya kwanza iliondoka na mvua. Aliapa mbele ya majirani kwamba haitanyesha kabla ya Ijumaa, ikanyesha Alhamisi. Ya pili aliitumia kwa ile injini ya kwanza: alimwapia mkewe Wadha, mkono juu ya bloku, kwamba ndiyo yenyewe, na tukajua habari ya sampo. Mara zote mbili alimrejea kwa aibu na kwa kondoo wa karamu. Mara ya pili baba yake Wadha alimwambia kwamba ikitoka ya tatu asije hata kuchukua kanzu yake.

Wanasheria wa mjini wana kauli yao kwamba viapo vya namna hii havivunji ndoa, nayo ni kauli nzuri, yenye huruma. Lakini mji uko mbali, na baba yake Wadha yuko karibu.

Na Hayil anampenda mkewe. Nalisema waziwazi kwa sababu wapo walioniandikia kwamba mwanamume anayeapa hivi hampendi mke. Anampenda. Anapenda anavyomkemea mbuzi kama mtu mzima mwenzake. Anapenda anavyompimia chumvi kwa jicho. Tatizo la Hayil si moyo, ni ulimi, na ulimi wake huwa umefika sokoni wakati akili bado inatafuta viatu.

"Basi nile mimi," alisema fundi Jiryis.

Wote wakamgeukia. Jiryis alikuwa mtu mnene, hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, na harufu ya kondoo na mtindi mkavu wa jamidi ilikuwa inapita chini ya pazia bila kuomba ruhusa.

"Nasema nile kwa niaba yake," alieleza. "Mimi sijaapa."

Shekhe akamuuliza kwa nini asiape naye, awe na msimamo kama wenzake. Jiryis akaeleza kwamba yeye ni Mkristo, kwao mke ni wa maisha, na akitamka talaka kasisi atamcheka tu.

Shekhe alishangaa kwa dhati. "Sasa wateja wako wanakuaminije?"

"Hawaniamini, Shekhe. Ndiyo maana natoa risiti."

Wakaendelea kutafuta mlango wa kutokea. Shekhe alipendekeza Hayil ale kidogo tu, tonge la ukubwa wa kunde, halafu boneti ifunguliwe. Hayil akasema koo halijui kidogo wala kingi. Hayil akapendekeza boneti ifunguliwe nusu. Shekhe akauliza, na mke naye ataachika nusu? Kutoka nyuma ya pazia Umm Sattam akauliza kama anaweza kuchagua nusu ipi.

Hapo simu ya Hayil ikalia. Wadha.

Alitoka nayo nje, akasimama kati ya mawe meusi, jua limemkalia kichwani.

"Hayil, umekula?"

Swali hilo kila mke humuuliza mumewe.

"Bado."

"Bado? Kwa Nawwash? Kwa Nawwash hata mbwa wanashiba. Umeapa."

"Kidogo."

"Hakuna talaka kidogo, Hayil."

Hayil alisikia mlio wa kondoo upande wa pili wa simu, sauti kavu za kondoo wanaongoja maji, na nyuma ya kondoo kikohozi cha mzee anachokijua.

"Baba yuko hapa," alisema Wadha, sasa kwa sauti ya chini. "Anakunywa chai. Amekuja kuuliza hali tu, ndivyo anavyosema. Nisikilize. Umeapa nini, neno kwa neno? Usiongeze, usipunguze."

Akamwambia.

"Na yeye?"

Akamwambia.

Wadha akacheka, na Hayil alitaka kulia kwa jinsi alivyokipenda kicheko hicho.

"Umeapa kuisikia. Yeye kaapa boneti isifunguliwe. Tangu lini gari linawashwa kwa boneti? Liwasheni kwa kusukuma. Usikie, ule, ufungue, urudi nyumbani. Na ukishafika, Hayil, nitakushona huo mdomo kwa sindano ya magunia."

Simu ikakatika. Hayil alirudi hemani anakimbia, akatoa wazo kama lake. Tumwachie, ana mengine ya kujibu.

Shekhe Nawwash alijipiga paja kwa furaha. Alisema tangu mwanzo alijua kijana huyu ana akili. Wanaume wote wa kambi ile wakaitwa, wakaja wakijifunga vilemba, na hema zima likahamia uani.

Pikapu ilikuwa katika hali mbaya. Paa limebonyea hadi usawa wa usukani, kioo cha mbele hakipo, kuku wametaga kwenye kiti cha abiria. Ufunguo ulikuwa bado mahali pake tangu siku ya sungura. Boneti ilikuwa imefungwa, imepindapinda ila imefungwa, na Shekhe aliweka mtu wa kuilinda isije ikaguswa kwa bahati mbaya.

"Magurudumu yako wapi?" aliuliza Jiryis.

Hayakuwapo. Pikapu ilikuwa imekaa juu ya mawe manne. Shekhe alikumbuka kwamba aliyagawa, moja kwa huyu, moja kwa yule, kwa sababu yeye hawezi kukataa mtu akiomba.

Polepole macho yote yaligeukia pikapu ya Jiryis, iliyokuwa kivulini na magurudumu yake manne mazima, yenye nati zilezile.

Jiryis alikataa. Alisema gari ni lake, magurudumu ni yake, na amekuja kufunga injini, hakuja kuvuliwa viatu. Shekhe akafungua kinywa aape. Jiryis akaona midomo ile inavyoanza, akakimbilia spana mwenyewe.

Magurudumu yakahamishwa. Hayil akashika mlango wa dereva, Shekhe akamshika mkono.

"Unafanya nini?"

"Naendesha, Shekhe."

"Mgeni wangu afanye kazi kabla hajala? Unataka nizungumzwe hadi Iraki?"

Wakavutana kwa adabu, kila mmoja akimwombea mwenzake heri, mpaka Shekhe akashinda kwa uzito. Aliingia kwa shida. Kwa kuwa paa lilibonyea, kichwa hakikuwa na mahali, akakitoa dirishani, kilemba, ndevu na vyote, akasema twende.

Uwanja wa Shekhe Nawwash una mteremko unaoshuka kuelekea bonde kavu. Wanaume waliweka mabega nyuma ya pikapu, Hayil katikati yao, sikio moja limeelekezwa mbele. Wakasukuma. Chuma kikalia. Kuku wakatoka dirishani. Pikapu ikasogea, ikakubali, ikaanza kukimbia yenyewe, na watu wakakimbia nayo.

"Gia ya pili," alipiga kelele Jiryis. "Achia klachi."

Shekhe aliachia klachi. Pikapu ikashtuka kama mzee aliyemwagiwa maji, ikapiga chafya ya moshi mweusi, ikashtuka tena.

Ikawaka.

Hayil alisimama palepale. Ilikuwa dizeli ya kizamani, inagonga kwa sauti nene, bila aibu wala haraka, ile sauti aliyolala nayo na kuamka nayo kwa miaka, akipanda na tangi la maji kuelekea mashariki. Hakukuwa na kompyuta ndani ya sauti ile. Hakukuwa na mzaha. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, alicheka huku yanashuka.

"Nimeisikia," aliwaambia watu. "Mashahidi, nimeisikia. Sasa nitakula hadi mnitoe kwa koleo."

Walimkumbatia. Walimbusu mashavuni. Ndoa yake ilikuwa imeokoka, na ile ya Shekhe ilibakiza mlo mmoja tu, nao mlo ulikuwa tayari. Ilichukua muda mtu kuuliza kwa nini Shekhe hasimamishi gari.

Shekhe alikuwa anakanyaga. Walikiona kichwa chake dirishani kikipanda na kushuka kwa kila anapokanyaga. Lakini breki huhitaji mafuta, na mafuta ya breki ya pikapu ile yalikwisha kukauka siku nyingi.

Chini ya mteremko, mahali ambapo upepo hauufikii moto, ndipo wanawake walipokuwa wamehamishia mapishi.

Umm Sattam aliiona kwanza. Hakupiga kelele. Aliwavuta binti zake wawili kwa mikono, kila mmoja upande wake, akasogea hatua kadhaa na kulipisha gari, kama mtu anayempisha ng'ombe njiani. Pikapu ilipita. Iligonga sufuria kubwa ya wali, ikagonga sufuria ya mtindi, kondoo mzima aliyekuwa juu ya sinia akaruka kwa mara yake ya mwisho, na wali ukapanda angani ukashuka juu ya kila mtu. Mvuke na vumbi vikafunika bonde. Ndani ya vumbi ukasikika mgongano wa chuma na jiwe, kisha injini ikazima.

Hayil alikuwa wa kwanza kufika, maana alikuwa anakimbia tangu aone kichwa cha Shekhe kimeacha kupanda na kushuka. Alimkuta Shekhe mzima, ana wali ndevuni, anahesabu viungo vyake. Na alikiona kitu kingine. Pua ya pikapu ilikuwa imekaa juu ya jiwe, na boneti ilikuwa inatetemeka. Komeo lilikuwa limeng'oka upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa unaachia.

Mtu ambaye maisha yake yote alitenda kabla ya kufikiri, safari hii alitenda jema bila kufikiri. Aliinama, akachota wali chini kwa kiganja, wa moto, wenye mchanga na manyoya ya kuku, akausukuma kinywani. Ukamuunguza. Akameza.

Boneti ikafunguka. Ilipanda juu yote kwa kishindo, ikasimama wima.

Vumbi lilipotua, watu walimkuta Hayil ana wali mashavuni, boneti iko wazi, na Jiryis amekwisha ingiza kichwa na mabega ndani ya injini. Alikuwa anafuta bloku kwa kiwiko cha shati lake. Alisoma herufi zilizopigwa chumani, akatoa leseni ya gari la Hayil mfukoni, akasoma tena, kidole juu ya kila herufi.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Sampo iko mahali pake. Pampu ya kizamani. Haina hata waya mmoja wa ziada. Hayil, ndiyo yenyewe."

Kwa kitambo watu walifurahi. Halafu mmoja baada ya mwingine waliacha kufurahi, wakaitazama boneti, wakamtazama Shekhe.

Shekhe Nawwash alitoka garini taratibu. Kilemba kimepotea, kichwa cheupe kiko wazi juani, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Aliiangalia boneti aliyoiapia jinsi mtu anavyomwangalia ndugu aliyemsaliti. Kisha akamgeukia Hayil.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "ulikula?"

Hayil alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa bado anatafuna.

"Kabla haijafunguka, au baada?"

Hilo ndilo swali. Na ukweli, msomaji, ambao nakwambia wewe peke yako, ni kwamba Hayil hakujua. Kumeza kulikuja, boneti ikaja, na kati ya viwili hivyo hapakuwa na nafasi ya kupitisha unywele. Alitikisa kichwa tena, bila kusema upande gani.

Umm Sattam alikuwa amefika. Alikuwa ameshika mwiko mkononi, na nguo yake nyeusi imemwagikiwa na mtindi kuanzia bega hadi chini. Nyuma yake, juu ya jiwe, palikuwa na furushi la nguo lililofungwa kwa kamba, limekazwa vizuri, halijadondokewa hata punje. Lilifungwa saa ngapi, na lilifungwa kwa hofu au kwa matumaini, hakuna mwanamume aliyethubutu kuuliza.

"Kutikisa kichwa si jibu," alisema. "Mimi nataka kujua leo nalala wapi."

"Atasema," alisema Shekhe. "Ni mtu mkweli."

"Kusema hakunitoshi. Hapa watu wameapa tangu asubuhi kwa sababu ya wali. Kwa ajili yangu naye aape." Akamkazia Hayil macho, si kwa hasira, wala si kwa huruma. "Ulimeza kabla, au ulimeza baada? Niapie, mwanangu. Niapie kwa talaka ya mkeo, kile ambacho wanaume wa hema hili hukiapia."

Wanaume walisogea karibu. Wengine walivua viatu, kama watu wanaoingia mahali pa heshima. Injini ilikuwa hapo, hatua moja kutoka mkononi mwake, sahihi kwa kila herufi, bado ina joto. Nyumbani kondoo walikuwa wanangoja maji, na Wadha alikuwa anangoja kusikia gari, na baba yake alikuwa anamimina chai nyingine.

"Acha amalize kutafuna kwanza," alisema mtu.

Wakamwacha amalize. Wali ulikwisha kinywani kitambo, hata mchanga ulikwisha. Hayil aliendelea kutafuna.